Stesheni ya Ami Twaha

Juzi nilikuwa natia siki kwenye ndimu za achari, hapa Mtwapa nilipopanga chumba, harufu ikanipanda puani nikaiweka chupa chini na kukaa kitako. Mwenye nyumba wangu akaniuliza kama pilipili imeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu ni rahisi kusema pilipili kuliko kuanza kumweleza habari za mlango mmoja wa buluu kule Malindi, na mtu aliyekuwa nyuma ya mlango ule, na stesheni yake.

Mlango huo ulikuwa wa Ami Twaha mpiga picha. Kichochoro chake kizima kilinuka siki, na sisi watoto tuliamini kwamba anatengeneza achari ya siri asiyotaka kumgawia mtu. Nimekuja kujua ukubwani kwamba ile ilikuwa dawa ya kusafishia picha. Lakini la ukubwani halifuti harufu ya utotoni. Mpaka leo siki kwangu ni picha, na picha ni wivu.

Wenzangu wa rika langu mnazikumbuka picha za siku zile, nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa mawimbi mawimbi kama pindo la sambusa. Kupiga picha halikuwa jambo la kukurupuka. Watu walioga, wakajipaka mafuta, wakaazima saa ya mkono hata kama haiendi. Ukiingia nyumba ya mtu ukaona picha ukutani, ulijua kuna jambo.

Kwetu ilikuwa moja tu, chumbani kwa mama, kwenye msumari juu ya kichwa cha kitanda. Ilikuwa picha ya dada yangu Zuhura. Amesimama wima, umri wake miaka saba, gauni la mkanda, macho yamepakwa wanja, mkono wa kulia umeshika sanduku dogo la safari. Nyuma yake kuna stesheni ya gari la moshi. Nguzo nne nene, paa refu linaloishia kwenye mwanga, saa kubwa ya mviringo inayosema saa nne na dakika kumi, na kichwa cha gari kinachungulia kutoka pembeni, moshi wake mweupe umepanda mpaka ukingo wa picha. Mbali kabisa mabwana wawili wa kofia ndefu wamempa mgongo kila anayewatazama.

Hiyo ndiyo habari yote niliyokuwa nayo juu ya Zuhura. Alikuwa Voi, kwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Aliondoka mimi bado nanyonya. Na Voi kuna magari ya moshi, hilo nililijua, maana watu walilisema. Malindi hayakuwepo, wala Kilifi, wala popote ambapo miguu yangu ingefika. Basi hesabu yangu ikawa nyepesi: Zuhura alipelekwa stesheni, akapanda gari la moshi, akaenda kukaa mahali pazuri, mimi nikaachwa mkekani.

Kila Ijumaa, akishaoga na kabla hajaishika sindano yake, mama aliishusha picha ile, akakipuliza kioo, akakipangusa kwa ncha ya leso. Hakuwa na haja na kioo kizima. Alianzia usoni, akazunguka taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uji mdomoni. Nami nilikuwa nimekaa palepale, uji wa kweli mdomoni, hakuna aliyenifuta.

Mama alishona kofia za vito, zile za kutarizi kwa mkono. Kutwa kucha kofia ilikuwa pajani, na mimi ndiye niliyemtungia uzi kwenye sindano, kwa kuwa macho yangu yalikuwa makali. Mimi ndiye niliyemchotea maji. Mimi ndiye niliyekwenda dukani, nikatumwa kwa jirani, nikakemewa, nikatumwa tena. Lakini mtaa mzima walimwita Mama Zuhura. Mtu akipiga hodi, ni Mama Zuhura. Baba akitaka chai, ni Mama Zuhura. Ndiyo desturi yetu, mzazi huitwa kwa mtoto wa kwanza, na hakuna aliyefanya kosa. Ila mimi nilisikia jina la mtu asiyekuwepo likiitwa mara hamsini kwa siku ndani ya nyumba niliyoifagia mimi.

Idd ikija mama alinunua vitambaa viwili. Kile kizuri alikikunja kwanza, akakifunga kwenye gazeti, akakipeleka kwa utingo wa basi la Mombasa ambaye angempa mwenzake wa basi la Voi. Kile kilichobaki kilikuwa changu. Akipika maandazi ya iliki, akionja, alisema peke yake, "Zuhura wangu angeyapenda haya." Nikayala nikiwa na donge kooni, na maandazi yenye donge hayashuki vizuri. Ilifika mahali nikawa natumai Zuhura ana meno mabovu, au chongo, kitu chochote ambacho picha haikukionyesha.

Siku moja nikamwuliza mama picha ile ilipigwa wapi. Hakuinua macho kutoka kwenye kofia. Akasema, "Kwa Ami Twaha."

Basi. Stesheni ilikuwa kwa Ami Twaha, nyuma ya mlango wa buluu, na kumbe muda wote nilikuwa napita mbele yake na ndoo ya maji. Kila kitu kikaeleweka. Ile siki ilikuwa harufu ya gari la moshi. Lile pazia jeusi la mlangoni lilikuwepo ili moshi usitoke. Na watu waliingia mle wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote, kama wasafiri. Kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu nilimwona kwa macho yangu akiingia na tai shingoni, na haikupita wiki wakasema amekwenda Arabuni. Kwa hiyo stesheni ilikuwa inafanya kazi. Nilizunguka nyuma ya nyumba ile kutafuta reli. Nikakuta banda la kuku, mkwaju, na ukuta. Wala sikuvunjika moyo. Nilijiambia kwamba stesheni ya namna hiyo haiwezi kuonekana kwa nje, kila mtu angeipanda.

Nilikuwa na miaka minane, Idd ya pili baada ya kupata akili hiyo, nilipoamua kwenda. Wenzangu walikimbilia pembeani. Mimi nilikuwa na peremende moja mdomoni na zawadi yangu yote ya Idd imefungwa kwenye pindo la gauni, lile gauni la kitambaa kilichobaki. Sikutaka kusafiri. Nataka mnielewe hapo. Nilitaka kusimama pale aliposimama yeye, nitoke kwenye karatasi nikiwa na nguzo nyuma yangu, nitundikwe, na Ijumaa mama aanzie usoni kwangu.

Ami Twaha alikuwa mtu mwembamba, amevaa kikoi na fulana, vidole vyake vimegeuka rangi ya hudhurungi kwa dawa. Tai mbili na koti moja la wateja vilining'inia ukutani. Juu, karibu na dari, mapazia matatu ya kitambaa cha marekani yalikuwa yamekunjwa kama mikeka.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Tukupige bustanini?"

"Stesheni."

Akanitazama juu ya miwani. "Stesheni ni ya wanaokwenda. Wewe unakwenda wapi?"

Nikamwambia siendi popote, nataka picha tu. Akatikisa kichwa. Akanieleza, wala si kwa ukali, kwamba pazia la Makka ni la mahujaji na wazee, la bustani ni la maharusi na mtu yeyote, lakini la stesheni hampigi mtu anayebaki. Kuna mama mmoja alimng'ang'ania amsimamishe mwanawe pale kwa mchezo, akakubali, na mwezi haukuisha mtoto akaja kuchukuliwa na baba yake akapelekwa kusikojulikana. "Picha huita," akasema. "Bustani haimwiti mtu. Simama bustanini."

Nikaitazama ile bustani aliyoanza kuikunjua. Ilikuwa na chemchemi na bata wawili. Donge likanijaa.

"Nakwenda Voi," nikasema. "Shangazi ananitaka na mimi."

Mkono wake ukasimama kwenye kamba. "Na wewe pia?"

"Naam."

"Mama yako anajua?"

"Anajua."

Akasema la haula kwa sauti ndogo, akaikunja bustani, akaiteremsha stesheni.

Ilishuka kwa vumbi, nguzo baada ya nguzo. Niliona kwamba ni nguo iliyochorwa. Macho yangu yalikuwa mazima. Lakini kwetu kila pazia lilikuwa na kitu nyuma yake, kitanda, au choo, au mtu anayebadilisha nguo, na sikuwa na sababu ya kudhani kwamba la Ami Twaha ni tofauti. Nguo ilikuwa imechorwa kilichoko nyuma, ili wasafiri wasipotee. Akanipa sanduku lilelile la Zuhura nilishike. Nilijikaza nikidhani litakuwa zito, nusura nilirushe. Halikuwa na kitu ndani.

Akanionya kwamba kamera yake ni mzee mwenzake, inashika sura polepole, itabidi ahesabu mpaka nne. "Usitikisike," akasema kutoka ndani ya kitambaa cheusi. "Anayetikisika hupotea."

Akahesabu moja. Nikabana pumzi, macho mbele, kidevu juu, hasa kama Zuhura. Akahesabu mbili. Ndipo nyuma yangu, nyuma ya pazia, kikatoka kitu kama pumzi ndefu, ssss, kisha mluzi mwembamba uliokuwa ukipanda.

Nikageuka.

"Tatu. Nne," Ami Twaha akamaliza, kwani kichwa chake kilikuwa gizani na sikio lake moja lilikuwa bovu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuinua ncha ya stesheni. Kulikuwa na seredani ya makaa, na juu yake birika la kahawa linachemka, na mfagio wa chelewa, na ukuta.

Nilirudi nyumbani bila kukimbia. Sijui kama mnaikumbuka siku yenu ya kwanza ya kujua kwamba nyuma ya kitu hakuna kitu. Lakini wivu ni mdudu mgumu. Kabla sijafika mlangoni nilikwisha kujifariji: stesheni hakuna, sawa, lakini picha ipo, na mama atatazama picha, hatatazama birika.

Siku ya tatu Ami Twaha akaja mwenyewe. Nilikuwa ndani natunga uzi. Akamsabahi mama, akauliza hali, akauliza hali ya baba, akakaa kwenye kibao cha barazani kama mtu mwenye jambo zito. Akasema amekuja kuomba radhi. Mtoto aligeuka, uso haukushika vizuri, na yeye hakuona mpaka alipoisafisha picha. "Si haki aende bila picha ya maana, Mama Zuhura. Mlete tena kabla hamjampeleka Voi. Sitaki kitu."

Nilichungulia. Ameipokea picha, ameiweka juu ya kofia, na sindano imesimama hewani. Kisha akasema ahsante, Ami, kwa adabu zake zote, akamsindikiza mpaka mwisho wa baraza. Alipokuwa peke yake alikaa. Hakuniita. Hakuuliza. Alishona mpaka alasiri, na jioni yake niliona kwamba mshono wote ule ulikuwa mbovu, aliufumua.

Baba alikuwa fundi wa magodoro. Alirudi na usufi kwenye nyusi kama kila siku, akifanana na mzee wa maigizo, na kwa kawaida tulimcheka. Mama hakucheka.

"Baba Zuhura," akasema, "huyu mnampeleka lini?"

Baba alikuwa anavua viatu. Mkono wake ukaenda kwenye mfuko wa shati ukabaki hapo. "Nani kakwambia? Barua nimeipata Jumatano tu. Hata sijaijibu."

Mama hakuwa na habari ya barua. Mimi sikuwa na habari ya barua. Nilikuwa nimesema uongo, na uongo ule ulikuwa umekwisha kuandikwa kwa wino huko Voi, ukatiwa stempu. Shangazi alikuwa na maumivu ya miguu, Zuhura alikuwa amekua, anatafutiwa mchumba, na nyumba ingehitaji mtoto mwingine.

"Kwa hiyo kuna barua," mama akasema.

Baba akaanza kueleza. Kwamba dada yake ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kwamba hana kizazi. Kwamba alipokuja mara ya kwanza alikuja kwa heshima, na udi na leso mbili, akaomba mtoto, na mtu haombwi mtoto na dada yake aliyemlea akasema hana. Haya mimi sikuyajua hata moja. Nilisimama nyuma ya mlango, na Zuhura niliyemjua, wa sanduku na moshi, akaanza kufifia.

"Uliniambia mwaka mmoja," mama akasema. Hakupaza sauti. "Nikamwosha, nikampaka wanja, nikampeleka mimi mwenyewe kwa Twaha asimame. Nikacheka mbele ya dada yako asije akasema nina choyo. Mwaka mmoja huko kwenu una siku ngapi?"

Baba akatazama viatu vyake.

"Nimwambieje hapana?"

"Mwambie mimi nimekataa. Nibebeshe mimi. Huyu haendi. Na yule namfuata."

Mtu mwingine angesikia "huyu haendi" akashukuru Mungu. Maneno mawili yale yalikuwa yangu, ya kwanza na ya wazi kabisa niliyowahi kupewa na mama. Lakini nilikuwa na miaka minane na donge la muda mrefu. Nilisikia tu "yule namfuata."

Asubuhi mama akaniweka mbele yake na kuniuliza nani aliyeniambia habari za Voi. Nikamwambia hakuna, nilitaka tu kusimama stesheni. Akanitazama, akaitazama picha. Ningali naiona sasa: nguzo kali, saa kali, sanduku kali, gauni mpaka pindo la shingo kali, na juu ya shingo kitu kama moshi wenye masikio. Midomo yake ikatetemeka, sikujua kama ni kicheko. Nikamwuliza ataitundika lini.

"Hii haitundikwi," akasema. "Anayetundikwa ni asiyekuwepo. Wewe upo." Akaitia kwenye kopo la nyuzi, chini kabisa, akafunika.

Nililia siku nzima. Nilidhani ameikataa kwa ubaya wake.

Alivuka feri ya Kilifi Jumatatu na kikapu kimoja, akakaa siku tisa. Aliporudi alikuwa na msichana mrefu wa miaka kumi na minne, mabega ya kuinama, aliyesema Kiswahili cha bara na ambaye aliniamkia kwa kunipa mkono kana kwamba mimi ni mgeni. Meno yake yalikuwa mazuri. Macho yote mawili yalikuwepo. Mama aliiteremsha picha ya stesheni jioni ileile, na msumari ukabaki mtupu.

Siku za kwanza Zuhura alimlilia shangazi. Mimi nilimngoja atulie ili nimwulize jambo langu. Tulikuwa tunakuna nazi, yeye kwenye mbuzi, mimi nakusanya.

"Gari la moshi lina joto ndani?"

"Sijui."

"Si ulipanda?"

"Nilipanda basi. Nilitapika mpaka Mombasa." Akakuna kidogo. "Nyumba ya shangazi iko mbali na stesheni. Tulikuwa tunalisikia tu likipita." Kisha akasema bila kunitazama, "Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama. Basi lilipoondoka uligeuzwa, nikakuona unyayo mmoja umetoka kwenye leso. Nilitamani kuukata."

Nilidhani ni utani wa kibara.

Tuliishi hivyo, hatukupendana haraka. Yeye alikuwa na mikono ya kazi, akajifunza kofia kwa mwezi, mishono yake ikamshinda mama mwenyewe. Nikapoteza hata kutunga uzi. Shule nayo ilinichosha nikiwa darasa la sita. Nilikuwa na maswali mengi kuliko walimu walivyokuwa na subira. Kabla sijatimiza miaka kumi na saba nilitoka nyumbani na mwanamke aliyeuza nguo za mitumba mpaka Kilifi. Nimekaa Kibarani nikilea watoto wa watu, nimekwenda Ganze kwa mguu kununua mkaa, nimepika hotelini, nimeuza maji ya barafu, nimerudi, nimeondoka tena. Sikufukuzwa na mtu. Nikikaa mahali mwaka mzima nyayo huniwasha. Pengine Ami Twaha alisema kweli kuhusu pazia lake.

Gari la moshi nililipanda hatimaye, Mombasa mpaka Voi, makusudi, bila shughuli. Nikashuka nikatafuta nguzo nne. Nikakuta jengo la chini la bati, mwanamke anauza ndizi, na mbwa. Nilikaa pale mpaka lililorudi likaja. Nilipofika Malindi nikamwendea Ami Twaha, wakati huo amestaafu na amekuwa mzito wa kusikia masikio yote, nikampigia kelele kumwuliza stesheni yake ni ya wapi. Akasema hajui. Alichora kutoka kwenye postikadi aliyopewa na baharia, na yeye mwenyewe hajapata kupanda gari la moshi maishani.

Miaka mingine, Mombasa, kuna mzee mwenye duka la vitu vikuukuu aliyenivumilia. Alikuwa na albamu za zamani za reli, na aliniacha nizifunue mchana kutwa. Wapiga picha wa mwanzo walizipenda sana stesheni, sijui kwa nini ilinishangaza. Wazungu wa kofia ngumu mbele ya injini, wapagazi wamepangwa kama magogo, bibi harusi wa Kihindi amekalishwa juu ya masanduku, wote wamejikausha. Lakini zilikuwepo nyingine za jengo tu, jukwaa refu, saa, mwanga mwisho wa paa, na hakuna mtu hata mmoja. Nikamwuliza mzee kwa nini walipiga stesheni tupu. Akacheka. Akaniambia hazikuwa tupu. Zilijaa watu. Kamera za zamani zilishika sura polepole, na yeyote aliyekuwa akitembea, anayewahi gari, anayekimbia kuaga, hakushikwa. "Tazama hapa," akanionyesha. Kwenye jukwaa tupu kulikuwa na kiwingu kidogo, kimo cha mtu. "Huyo alikuwa anaondoka."

Nilikitazama kiwingu kile muda mrefu.

Mama alifariki mwaka juzi. Habari ilinikuta njiani, kama habari zote zinavyonikuta, na nilifika siku ya arobaini, si siku ya maziko. Zuhura, aliyeolewa mtaa wa pili na akarudi kumuuguza, ndiye aliyenifungulia mlango wa chumba. Kitanda kilekile. Msumari uleule. Na kwenye msumari kulikuwa na picha.

Zuhura akasema mama aliitoa kwenye kopo la nyuzi, akaitia kwenye kioo cha ile ya zamani, siku ileile niliyoondoka na yule mwanamke wa mitumba. Hata chai hakunywa kwanza. Nilikuwa nimekuja nyumbani mara nyingi tangu hapo, sikuwahi kuiona, na nikamwambia hivyo. Akasema mama alikuwa akiiteremsha kila nilipopiga hodi, na kuitundika kila nilipotoka.

Nikasogea. Kioo chote kilikuwa kimeota ukungu wa moshi wa taa na vumbi la miaka. Nguzo zilikuwa hazionekani vizuri, wala saa, wala mabwana wawili wa kofia ndefu. Katikati tu, juu ya gauni la kitambaa kilichobaki, palikuwa na duara moja dogo linalong'aa kama kisima, na ndani yake kile kiwingu changu.

"Kila Ijumaa," Zuhura akasema. Alikuwa amesimama nyuma yangu. "Macho yalikuwa yamekwisha kwa sindano, anapapasa. Mimi niko hapahapa kitandani, miguu yake pajani kwangu naikanda. Anasema, mwana huyu ana vumbi usoni, haliishi. Namwambia, mama, si vumbi, aligeuka. Anasema, nipe leso."

Nikajua kabla sijageuka sauti ile ilikuwa na nini ndani yake. Nilikuwa nimeishi nayo kooni utoto wangu wote.

"Mimi nilikuwepo," akasema. "Kila siku. Hakunifuta mimi hata mara moja."

Nikamwomba leso. Akaitoa begani akanipa, akidhani nataka kupangusa kioo. Nikaanzia usoni kwake, taratibu, nikizunguka.